Kiti Nilichokikataa kwa Wakwe wa Mwanangu

"Jamani, hajawadharau! Ana bawasiri!" Mke wangu alipiga kelele hivyo wakwe wa mwanangu walipokuwa wananyanyuka kuvunja posa. Sebule nzima ikanigeukia.

Kila nilipokaribishwa kiti nilijibu, "Nasimama tu." Wakaona namkataa binti yao. Ningekaaje? Jirani yangu Mabula alikuwa ameniapia kwamba uvimbe wa huko nyuma dawa yake ni kupaka tangawizi. Nikapaka, ukafura na kuwaka moto.

Bibi yake binti akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Hata mimi ilinitesa. Kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kula mboga, kunywa maji, kamwone daktari." Machozi yakanitoka mbele ya watu.

Posa wameipokea. Lakini wewe Mabula, njoo huku kwao Mkuyuni uwaeleze wakwe wa mwanangu: tangawizi ulifundishwa na nani?