Siku Niliyomfungua Watasema

Siku ninayoikumbuka kuliko zangu zote, mwanangu, ni ile asubuhi nilipomfungua mbwa ambaye baba yangu aliagiza afungwe. Nimezaa watoto saba na nimezika mume, lakini siku hiyo bado naiona wazi kama suke la ngano lililoko kiganjani. Nakuandikia wewe uliye shuleni kwa sababu mjukuu wangu Neema alinipigia simu juzi kutoka mjini, analia kwa ajili ya paka wake aliyekufa, na wenzake anaokaa nao walikuwa wanamcheka. Mimi nilisoma madarasa mawili tu, mengine nikayapata kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo herufi zangu zikienda upande uzivumilie.

Tulikaa upande wa Basotu, pembeni mwa mashamba makubwa ya ngano ya serikali. Wewe hukuyaona mashamba yale. Ngano ilianzia kwenye ua wetu ikaenda mpaka macho yanachoka, na kombaini, zile mashine za kuvunia, zikiingia, vumbi lake lilionekana mpaka Endasak. Kombaini ikishapita, sisi wasichana tuliruhusiwa kuingia kuokota masuke yaliyobaki. Tulikuwa watano: mimi, Felista, Martina, Elizabeti na marehemu Yustina, Mungu ampumzishe. Kati ya hao watano hakuna aliyerudi nyumbani na masuke mengi kuliko mimi. Sijisifu bure. Siri yangu ilikuwa mbwa.

Jina lake Watasema. Alikuwa wa rangi ya udongo, kifua cheupe, na mguu mmoja wa nyuma umepinda tangu kuzaliwa. Baba alipomleta nyumbani angali mdogo, majirani walicheka, wakauliza huyo kilema atalinda nini. Baba akasema, "Watasema, halafu watanyamaza." Jina likabaki. Na kweli walinyamaza. Watasema aliwahi kumtoa fisi kwenye zizi la mbuzi kwa mguu wake huo uliopinda. Msimu wa ukungu alimpata ndama wa mama akiwa ametumbukia korongoni, akakaa pale anabweka mpaka tukafika. Na shambani alilalia rundo langu la masuke, nami nikaenda kuokota mbali bila wasiwasi, maana hakuna msichana aliyethubutu kulisogelea. Felista alikuwa akisema, "Wewe huokoti kwa mikono miwili, unaokota kwa miguu sita." Maneno hayo yalinijaza kichwa.

Basi mwaka mmoja kweleakwelea wakaja. Ni ndege wadogo, lakini wakitua kwenye ngano ni kama moto. Walikuwa wanalala kwenye matete ya bwawa lililokuwa karibu nasi. Watu wa shamba wakapita na gari lenye kipaza sauti, wakatangaza kwamba eropleni itanyunyiza dawa ya kuwaua kwenye matete, mtu asiokote ndege waliokufa, na mbwa wote wafungwe siku tatu. Tulizoea kuwabanika ndege hao, kwa hiyo walitangaza mara mbili. Baba akanipa kamba ya katani, akasema, "Mfunge Watasema, na fundo lisilegee. Siku tatu." Nikamfunga.

Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili kombaini zikamaliza shamba la upande wa juu, na wenzangu wakapita nyumbani kwetu na vikapu vyao. Felista akamtazama mbwa kwenye kamba, akaniambia, "Leo tutaona mikono yako mwenyewe." Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilivunjika kwa neno hilo moja la utani. Baba alikuwa amekwenda mnadani. Nikafungua fundo.

Kabla ya saa sita Watasema alishuka bwawani kunywa maji. Aliporudi alikuwa na manyoya ya ndege mdomoni. Alifika mpaka kwenye rundo langu, akalilalia kama kawaida yake, akaanza kutetemeka na kutoa povu. Nilimwita jina. Akapiga mkia mara moja. Sitasema zaidi hapo.

Wenzangu wakiwa upande wa pili wa shamba, nilimbeba peke yangu mpaka korongoni nikamfunika kwa mabua ya ngano. Nilirudi nyumbani na kikapu kimejaa, nikasema kamba ilikatika na mbwa ametoroka. Baba aliichukua ile kamba akaitazama. Haikuwa imekatika. Akaniuliza polepole, "Kuna mtu ulimwona karibu na hapa?" Siku chache kabla ya hapo Watasema alikuwa amewakimbiza ndama wa Gidobat, mfugaji wa kabila la Wabarbaig aliyekuwa akichunga karibu nasi, na Gidobat alikuwa amemtishia kwa mkuki, nusu utani. Nikasema, "Nilimwona Gidobat."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini huwa inapita kwenye nyumba za watu. Gidobat alikuwa mtoto wa Bibi Udagwega, na ng'ombe wetu mmoja wa maziwa alikuwa amewekwa kwao. Ndiyo desturi yetu huku: unaweka ng'ombe wako kwa rafiki, yeye anakamua, ndama wanahesabika kwa pamoja, na nyumba mbili zinakuwa moja. Urafiki huo ulianzishwa na babu yangu na mume wa Bibi Udagwega. Ukimrudisha ng'ombe nyumbani kwa hasira umeukata, na watoto wenu hawataombana hata moto.

Siku nne zikapita. Mimi sikuweza kula. Nilitaka kumlilia mbwa wangu, lakini ningemlilia vipi aliyetoroka? Mama aliniona nimeshika kibakuli cha Watasema, akasema, "Acha, mbwa ni mbwa, tutapata mwingine." Hakusema kwa ubaya. Felista yeye alicheka: "Unamwombolezea mbwa? Ukifiwa na mume utatumia machozi gani?" Nikajifunza kulia nikipuliza moto jikoni, ili ionekane ni moshi.

Siku ya tano baba alichukua kamba ileile ya katani akaniambia, "Twende tukamchukue ng'ombe wetu."

Tulitembea asubuhi nzima kushuka tambarare. Bibi Udagwega alitupokea mlangoni pa boma lake, mama mrefu, vazi la ngozi, bangili za shaba mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, lakini hakuuachia mkono wangu. Kiswahili chake kilikuwa kichache na kila neno alilipima.

"Huyu amefiwa na nani?" akamuuliza baba.

"Hajafiwa, mama. Ni mbwa tu amepotea."

"Sikuuliza ukubwa wa maiti," akasema.

Bibi akamwambia baba aende na Gidobat zizini akamwone ng'ombe wake kwanza, maneno yatafuata baada ya maziwa. Mimi akanikalisha juu ya ngozi, akanipa kibuyu cha maziwa, akaendelea na kazi yake ya kupaka siagi kwenye ngozi mpya. Hakuniambia pole. Alianza kunisimulia dume lake la ng'ombe la zamani lenye pembe zilizoangalia mbele, lilivyokuwa likimfuata mpaka kisimani, na jinsi lilivyokufa mwaka ule malisho yalipogeuzwa mashamba ya ngano. Alisema alitembea boma kwa boma akiimba jina lake, na kila boma watu walikaa wakamsikiliza mpaka mwisho. "Ningelikalia kimya," akasema, "lingeniozea hapa." Akajigusa kifua. "Sasa na wewe. Wako alikuwa nani?"

Mwanangu, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilimwambia rangi yake. Akauliza, jina alipewa na nani? Nikamwambia. Mguu ulikuwa upi, wa kushoto? Fisi alitokea wapi? Kila nikimaliza moja akaniuliza lingine, na mimi nikawa nasema na kulia na kunywa maziwa, vyote pamoja. Nikafika kwenye kamba. Nikafika kwenye matete. Halafu nikafika kwenye jina la mtoto wake, na hapo nikashindwa kuzunguka, nikalisema.

Mikono yake ilisimama juu ya ngozi.

"Umemzika mbwa wako chini ya jina la mwanangu," akasema. "Atalalaje hapo? Na wewe utalalaje? Inuka, ukamtoe mbele ya baba yako."

"Baba atanipiga."

"Labda. Mimi nitasimama karibu. Lakini sitakusemea."

Mficha maradhi kilio humuumbua, ndivyo tunavyosema. Mimi nilikuwa nimeficha maradhi mawili, msiba na kosa, na nilidhani ni kitu kimoja. Ndiyo maana hata machozi yangu hayakunisaidia.

Tulipofika zizini baba alikuwa ameshaifunga kamba kwenye pembe za ng'ombe, na Gidobat amesimama pembeni haelewi. Baba alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Nikamtangulia. Nilisema yote kwa sauti, kwamba kamba niliifungua mimi, kwamba alikula ndege wenye dawa, kwamba Gidobat sikumwona. Bibi Udagwega alikuwa nyuma yangu kidogo, nilisikia bangili zake.

Baba aliinamisha kichwa. Mwishowe akasema, "Haya. Fungua na huyu."

Nikaifungua kamba kwenye pembe za ng'ombe, na lile fundo la pili, nakwambia, lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Kisha nikamgeukia Gidobat nikamwomba radhi. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, angeweza kunifukuza. Akasema, "Nimuue yule kilema? Halafu ndama wangu wangejifunza mbio kwa nani?" Baba akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka siku tano.

Siku ileile tulikwenda wote wanne mpaka korongoni tukamzika Watasema vizuri, mbali na maji kwa sababu ya ile dawa. Gidobat alichimba. Bibi Udagwega aling'oa nyasi mbichi akaziweka juu, akaniambia, "Sema tena, na hawa wasikie." Nikasimulia tena kila alichofanya mbwa wangu. Nilipomaliza baba akaongeza la kwake ambalo sikulijua: kwamba mwaka nilipougua surua, Watasema alilala mlangoni kwangu siku nane, na chakula chake ilibidi apelekewe hapo. Mwanangu, niliondoka pale nimeinua kichwa. Nilikuwa na huzuni bado, lakini ilikuwa huzuni inayotembea.

Najivunia mbwa yule mpaka leo. Na zaidi najivunia kwamba nyumba ile na yetu bado ni moja. Ng'ombe wanaokamuliwa kwa wajukuu wa Udagwega wengine ni uzao wa yule niliyemfungua. Tangu hapo mtu akipoteza mnyama huku kwetu huletwa kwangu. Alikuja Tluway kutoka Masieda, mzee mzima, maksai wake alipofia kwenye jembe. Nikamkalisha, nikamuuliza, "Alikuwa nani?" Alisimulia mpaka chai ikapoa. Na Neema nilimuuliza hivyohivyo kwenye simu, akanisimulia paka mpaka salio likakatika, akapiga tena.

Kwa hiyo nisikilize. Ukifiwa na mnyama uliyempenda, usimlilie kwenye moshi. Tafuta mtu mmoja asiyecheka, umtajie jina lake na matendo yake, tangu mwanzo mpaka mwisho. Akikosekana nyumbani, hata jirani wa kabila lingine anafaa, tena pengine anafaa zaidi. Kama kuna kosa lako ndani ya msiba, litenge, uliseme mahali linapotakiwa kusemwa, ndipo msiba wenyewe utapata nafasi. Na kama siku zinapita huli, hulali, kazi imekushinda, nenda kwa mwalimu wa ushauri hapo shuleni, au kwa muuguzi, au kwa mchungaji, useme bila aibu. Hakuna anayekwenda zahanati akaulizwa kwa nini jeraha lake ni dogo. Na wewe usiyefiwa, usiulize ukubwa wa maiti. Uliza alikuwa nani, kisha kaa chini.

Mungu akupe mvua ya taratibu na malisho yasiyokauka. Mlango wako usikose wa kukulinda, na siku atakapoondoka, usikose wa kukuuliza jina lake.