Miti ya jirani juu ya jiko letu, zizi letu ndani ya ardhi yake: tulivyomalizana huku Susuni

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Hili ninaloleta limetokea nyumbani kwangu, sikusimuliwa na mtu. Nimebadilisha majina tu, maana wahusika tunaonana kila siku kisimani.

Mimi ni mwanamke, nimeolewa Susuni, Tarime vijijini. Mume wangu Marwa ni dereva wa lori, muda mwingi yuko barabarani. Nyumbani nakaa na watoto, mama mkwe, na shemeji yangu Chacha, mdogo wake Marwa.

Chacha ni mtu mzuri sana. Ila hasira yake inakaa karibu. Mtaiona.

Jirani yetu wa upande wa juu tumwite Mzee Matiko. Alipanda mikaratusi pembeni ya mpaka kabla mimi sijaolewa. Ikarefuka, ikainamia kwetu, matawi yakawa juu ya jiko kabisa. Upepo ukianza, unapika huku unaangalia juu.

Marwa alishamwambia mara nyingi. Jibu lilikuwa moja tu: "Nitaikata."

Haikukatwa.

Sasa msimu wa mvua, mchana, upepo ukaja wa nguvu. Tawi likakatika, likatua juu ya jiko. Mama mkwe alikuwa ndani anasonga ugali. Bati likamshukia begani.

Tukamtoa, bodaboda, zahanati. Namshukuru Mungu mfupa haukuvunjika, lakini mkono ulifungwa kwa kitambaa, ukaning'inizwa shingoni.

Narudi nyumbani nakutana na Chacha njiani, shoka mkononi, panga kiunoni. Anakwenda kwa Matiko. Na kwa Matiko kuna vijana wa kiume wa kutosha, nao sio wapole.

Nikasimama katikati ya njia.

"Shemeji, weka shoka chini."

"Mama kaumia!"

"Najua, nimetoka naye zahanati. Mti sio mbuzi, hautakimbia. Kesho utakuwa pale pale."

Alinitazama weee, kisha akalitupa shoka kwenye majani akageuka. Chakula hakugusa siku hiyo.

(Watu wa nje wanapenda kutusema Wakurya kwa mapanga. Hasira tunazo, sikatai. Lakini kukaa chini tukaongea tunajua pia, ila hiyo haiendi mitandaoni.)

Asubuhi nikaenda mwenyewe. Mzee Matiko alikuwa anakamua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

"Ana maumivu. Nimekuja kwa ajili ya ile miti."

Akaendelea kukamua, kisha akasema, "Miti ni yangu. Upepo sio wangu."

Akainuka, akanionyesha kwetu kwa kidole. "Na kama mnataka mambo ya mpaka, tuanze na zizi lenu. Lile zizi liko kwangu."

Mimi nikajua anahamisha mada. Nikamjibu, "Sawa mzee. Twende kwa mwenyekiti wa kitongoji, tuongelee vyote viwili. Miti na zizi."

Alikubali haraka mno. Hapo ndipo nikaanza kujiuliza.

Mwenyekiti akapanga siku, akasema atakuja na wajumbe wa baraza la ardhi la kijiji, na kikao kitafanyika pale pale mpakani.

Nikarudi kwa mama mkwe. Nikamuuliza direct: "Mama, zizi letu liko wapi?"

"Liko kwao," akasema. "Marehemu baba yenu aliomba kwa baba yake Matiko, kwa sababu huku kwetu maji yalikuwa yanatuama, ng'ombe wanaoza kwato. Walikubaliana kwa mdomo. Wote wameshakufa."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi. Matiko labda alisikia kwa baba yake."

Chacha alikuwa mlangoni. Akasema, "Basi tunyamaze. Hana shahidi."

Wakuu, hapo ndipo penyewe. Tukinyamaza, zizi linabaki letu, na Matiko analazimishwa kukata miti. Ushindi mara mbili.

Nikampigia Marwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe ndiye uko hapo. Amua, nitasimama na wewe." Nikamwambia nimeshaamua, nilitaka tu asisikie kwa watu.

Siku ya kikao watu walijaa. Mzee Matiko kaja na vijana wake wote, amevaa koti, unaona kabisa ana maneno marefu aliyoyaandaa. Chacha kasimama mbali, hataki kuniangalia.

Mwenyekiti alipofungua tu nikaomba nianze.

Nikasema: "Zizi letu liko kwenye ardhi ya Mzee Matiko. Liliombwa na marehemu baba mkwe. Tukishavuna tutalihamisha."



Baba mdogo wa Marwa akaruka: "Wewe umeolewa tu hapa! Unagawa ardhi ya ukoo?"

"Baba mdogo, sigawi, narudisha. Mama yupo, muulizeni."

Mama mkwe akasimama na mkono wake shingoni. Akatembea taratibu kutoka kona moja hadi nyingine, akionyesha kwa ule mkono mzima mahali mstari wa mkonge wa mpaka wa zamani ulipopita. Hakuna aliyempinga.

Nikamgeukia Mzee Matiko. "Mzee, hilo limeisha. Sasa naomba tuongelee miti."

Alikuwa amesimama, akakaa. Maneno yake yote yalikuwa ya zizi, na zizi nilishamrudishia. Akamwangalia mama mkwe muda mrefu.

"Mama Marwa, pole," akasema. "Baba aliniambia habari ya zizi kabla hajafa. Nikajua nikisema mtaniita mwongo. Kila nikiliona, roho inauma. Ndiyo maana miti nikaiacha iwaelemee. Sikutaka ikuumize wewe."

Wakuu, miaka yote tulidhani ni uvivu wa kukata miti. Kumbe ni donge.

Mama mkwe akamjibu, "Ungekuja kuniuliza ningekuambia ukweli." Basi.

Miti yote iliyoinamia kwetu ikaangushwa. Kazi ile ni ya hatari, ukikosea mti unalala juu ya nyumba, hivyo ilibidi miti ifungwe kamba na kuvutwa upande wa shamba. Vijana wa Matiko walivuta kamba hizo wakiwa na Chacha. Hawakuongea mengi, lakini kamba moja mkiishika pamoja lazima mwambiane "vuta" na "legeza".

Mzee Matiko akatoa magogo yake, tukajengea zizi jipya upande wetu, baada ya kuchimba mtaro wa maji. Mpakani tumepanda mkonge upya mbele ya wajumbe.

Haijawa peponi. Baba mdogo bado ananisalimia kwa kichwa tu. Lakini ng'ombe wa Matiko akiingia shambani kwetu, tunapigiana simu.

Nilichojifunza: ukigombana na jirani juu ya mti, mara nyingi sio mti. Na kama upande wako kuna kosa, liseme wewe wa kwanza, tena mbele ya watu. Utaongea mengine yote ukiwa umenyoosha shingo. Mimi sio mwanasheria, kwa hiyo wanaojua sheria za matawi na mipaka waje waongezee nyama.

Chacha hadi leo anasema nilitoa ardhi ya baba yao kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimemwambia naleta uzi huu, na atasoma kila mtakachoandika.

Haya, wewe ungekuwa mimi, shahidi ni mmoja tu na yuko nyumbani kwako, ungesema au ungenyamaza?