Joto Lililopumzika Jumamosi

Saa tatu kasorobo asubuhi. Mama Barafu amepiga magoti mbele ya kabati la saba la seva, mkononi ana penseli iliyofungwa ukanda wa karatasi ya chooni. Anaushusha karibu na kigae chenye matundu. Upepo baridi unaopulizwa kutoka chini ya sakafu unauinua ukanda, nao unasimama wima. Anaandika: sawa. Anasogea kabati la nane.

Hivyo ndivyo anavyoanza kila zamu katika kituo hiki chenye seva mia mbili na arobaini, kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali tatu. Seva hula umeme na kutema joto. Zikifika nyuzi joto arobaini hujizima zenyewe zisiungue, na daktari hubaki akitazama kioo kitupu.

"Vipimo vya kwenye kompyuta ninavyo, kama wenye digrii," anasema. "Lakini kipimo kinakuambia joto limefika. Karatasi inakuambia limepita wapi."

Ana miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na tisa alitengeneza majokofu katika kibanda cha baba mkwe wake, aliyemfundisha kazi baada ya wanawe wenyewe kuikataa. Hapa aliingia kwa mkataba wa mwaka mmoja, na mwaka jana nusura uishie njiani.

Mstari wa tatu wa makabati ulianza kupata joto. Seva za juu zilikaa kwenye nyuzi thelathini na saba, na mara mbili zilivuka arobaini zikajizima. Wahandisi walisema mtambo wa kupoza umechoka, ununuliwe mpya. Mtambo mpya ungekuja na mafundi wake. Mama Barafu alielewa bila kuambiwa kwamba kazi imekwisha. Aliomba siku tatu.

Siku ya kwanza hakugusa kitu. Alisoma rekodi za joto za miezi miwili, saa kwa saa. Joto lilipanda kuanzia saa tatu asubuhi, likashuka saa kumi na moja jioni. Jumamosi na Jumapili halikupanda kabisa.

"Hospitali haifungwi Jumamosi. Kazi ya seva ni ileile," anasema. "Mashine haijui wikiendi. Anayeijua ni mtu."

Siku ya pili aliingia saa nne na penseli yake. Kwenye mstari wa tatu ukanda ulilala. Hapo alikuwa ameketi msimamizi wa zamu ya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, mzee wanayemwita Babu Zamu. Miezi miwili nyuma, hitilafu ya umeme ilipozima seva, alihamishia meza yake humo ndani azilinde kwa macho yake. Baridi ikamla magoti. Akatandika boksi chini ya miguu, juu ya vigae vinne vyenye matundu. Kila jioni alilikunja akaliegemeza nyuma ya kabati, wasafishaji wasilitupe.

Upepo baridi ulipozibwa, joto linalotemwa nyuma ya seva lilipita juu ya makabati likarudi mbele. Kadiri mzee alivyozilinda seva, ndivyo alivyozichemsha.

Mama Barafu hakungoja kikao. Alichuchumaa kando ya kiti, akamwomba mzee ainue miguu, akavuta boksi, akampa penseli aishike mwenyewe. Ukanda ukasimama. Mzee akautazama, akatazama boksi.

"Kumbe mchawi ni mimi."

"Si wewe, baba. Ni magoti."

Siku ya tatu seva zilisoma nyuzi ishirini na nne. Ripoti ilijaza nusu ukurasa na haikutaja mtu. Aliyesimama kikaoni kueleza boksi ni la nani alikuwa Babu Zamu mwenyewe. Mtambo haukununuliwa, na mwezi uliofuata Mama Barafu alipewa ajira ya kudumu. Baba mkwe alipohadithiwa aliuliza jambo moja tu: boksi lilikuwa la nini. La jokofu, akajibiwa.

Sasa kituo kinajenga chumba cha pili, na mpango wa vigae amekabidhiwa yeye. Mchoro anao mfukoni, umekunjwa mara nne. Kitu cha kwanza alichochora si seva wala mtambo. Ni meza ya Babu Zamu, nje ya ukuta wa kioo, upande unaopata jua.