Ametulia

Kwa miaka mingi, kila aliyemuuliza Eudocia Huarcaya habari za mwanawe, pale sokoni Huamanga, alipewa jibu lile lile pamoja na bakuli la uji wa mahindi ya zambarau: "Wilber? Ametulia tu." Alilisema akiwa ameinua kidevu, maana hakuwa mtu wa kuanika mambo ya nyumbani kwake. Ukweli ni kwamba Wilber alikuwa amejifungia chumbani, dirisha kaliziba kwa blanketi, akibishana na sauti alizozisikia peke yake. Chakula hakukigusa mpaka mama yake akionje kwanza mbele ya macho yake.

Kisha gari la wauguzi wa afya ya akili likaanza kupanda mtaani kwao. Lilisimama kwa jirani, kwa Crisóstomo, aliyekuwa akiwarushia wapita njia mawe. Wakamchoma sindano, wakakaa wakazungumza naye. Wiki iliyofuata wakarudi. Kwa Eudocia hawakupiga hodi, basi akaenda kumngojea muuguzi Yolvi penye gari.

"Binti, na wangu je?"

"Wako si mlengwa wetu, mama. Tunawafuata waliowahi kulazwa, au wanaoleta fujo mtaani. Wako ametulia. Si umesema mwenyewe?"

"Hajalazwa kwa sababu nimemuuguza mimi."

"Najua, mama yangu. Lakini tuko wachache, na mlima wote huu ni wetu. Akizidiwa, akivunja kitu, tuite."

Hasira zikampanda Eudocia mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe kule kumwogesha, kumbembeleza ale, kulala mlangoni pake asije akajidhuru, ndiko kulikomnyima dawa! Angemwachia akapasue watu vichwa, leo naye angefuatwa kwa gari. Alimchukia Yolvi, na zaidi alilichukia lile neno alilozoea kulisema mwenyewe: ametulia.

"Mlengwa," alisema. "Anayelengwa ni ndege, binti. Basi ngoja na mimi nilenge."

Akaokota jiwe mojawapo la Crisóstomo, akalivurumisha. Kioo cha nyuma cha gari kikamwagika barabarani.

"Haya, sema tena nyumba hii imetulia."

Dereva alishuka akitukana. Yolvi akamzuia kwa mkono, kwa kuwa nyuma ya Eudocia komeo la mlango wake lilikuwa limefunguka. Wilber alisimama mlangoni, mashavu yamebonyea, macho kayafinya kwa jua.

"Mama, nani kavunja?"

"Mimi."

Yolvi akapita juu ya vile vipande, akanyoosha mkono. "Wilber, mimi naitwa Yolvi. Naweza kuingia?"

Wilber hakuupokea. Alimgeukia mama yake, akangoja, kama anavyongoja kila siku mbele ya sahani. Hasira za Eudocia zilikuwa hazijashuka bado. Akaushika yeye kwanza mkono wa muuguzi, akaukaza, mwanawe akiangalia.