Meko ya Kabula Haikuwaka

Meko ya sebuleni kwangu haikulipuka. Haikuwaka hata kidogo. Wanaosema vinginevyo hawakuwepo, na waliokuwepo walikimbia kabla ya kutazama. Naandika kwa sababu uvumi huo ulimfikia Rahim, mwenye nyumba ya wageni Sitalike, akamwondoa binti yangu Kabula kwenye kazi ya kumfungia meko kama hiyo.

Kabula ni fundi umeme mwenye cheti. Hata sufuria mpya huisomea karatasi yake ya maelekezo. Baba yake, marehemu Manyanda, alifanya kazi Njombe akazoea kuota moto ndani ya nyumba, akanunua meko ya gesi. Kabula akaiunganisha na mtambo wa nyumba unaoendeshwa kwa simu. Umeme wa nyumba hakuufikisha kwenye vali ya gesi. Nyaya za kuwashia, zenye umeme mdogo wa betri, alizipitisha kwenye rilei, swichi inayotii simu na kulia ta ikibonyezwa, kisha kwenye swichi ya ukutani. Ya ukutani ikizimwa, simu inabaki kuomba tu. Kifaa kinachokata gesi mwali ukizimika hakukigusa.

Baba yake alipofariki, Kabula aliizima ile ya ukutani, maana wanawake walitandika mikeka sebuleni. Nje uliwaka moto wa msiba, ambao kila ndugu wa kiume huuletea kuni. Mchana mmoja meko ikalia, ta!

"Kaka karudi!" akapiga kelele wifi yangu Nyanzala, akatoka na sahani yake ya wali. Wengine wakamfuata.

Simu yangu ikaita. Alikuwa shemeji yangu mmoja wa Dar es Salaam, aliyekosa usafiri. Marehemu alimruhusu kuingia kwenye mtambo ili apate kumringishia.

"Shemeji, kuni yangu nimeiweka. Umewaka?"

"Umewaka nini?"

"Moto wa msiba. Nimebonyeza huku."

"Kuni huletwa kwa mkono, shemeji."

"Sasa mkono wangu uko Ubungo, nifanyeje?"

Baada ya matanga nilimwita Rahim. Kabula akampa simu abonyeze mwenyewe. Ta! Hakuna moto. Kabula akawasha swichi ya ukutani, Rahim akabonyeza tena, mwali ukasimama.

"Jumatatu uje Sitalike," Rahim akamwambia. Kisha akanigeukia. "Ila mama, siku ile alibonyeza nani?"

"Ndugu wa marehemu."

"Yupi? Maana wako wengi."

Nilimwambia ninavyowaambia nyie: jina lake silitaji.