Feni ya Bafuni na Kofia ya Mshenga

Jamani, mie fundi wa Chang'ombe, leo najianika mwenyewe. Bi Mwanaidi aliniita kwa sababu feni ya bafuni kwake ilimdondoshea maji kila alipooga maji ya moto. Nikapanda darini, ishu nikaiona: mvuke ulikuwa unapoa ndani ya bomba la feni, unageuka maji, unarudi ndani. Nikalivika bomba sponji, nikaliinamisha kuelekea nje. Nilijiona profesa!

Kujaribu, nikafungulia maji ya moto mpaka bafu likajaa mvuke. Kwenye feni, hata tone! Nje nikasikia tip, tip, tip. Furaha ikanipanda kichwani, nikapiga kelele dirishani: "Bi Mwanaidi, yanatoka! Maji yote ya bafuni sasa yanamwagikia huko nje!"

Nikachungulia.

Barazani, chini kabisa ya tundu la bomba langu, walikaa washenga walioleta posa ya binti yake. Mzee wao alivua kofia iliyolowa, akaitazama, kisha akanitazama mie.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba," akajibu, maji yakimtiririka shavuni. "Humo ndani anaoga nani?"