Pikapu Iliyoinuliwa kwa Ajili ya Mama Mkwe

Gari inapokwama kwenye tope la Budalang'i, kinachokwama hasa ni tumbo. Tairi huzama, tumbo likalala juu ya udongo mweusi, na magurudumu yakabaki kuzunguka bila kazi. Ukishalielewa hilo, unajua la kufanya ni kuliinua tumbo. Mimi nililielewa vizuri. Yaliyonichanganya ni yale mengine yote.

Mama mkwe wangu anaishi huko chini, karibu na mto Nzoia, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Hospitali moja mjini Busia ilimpa siku ya kupasuliwa. Tulimkosesha siku hiyo, kwa sababu pikapu yangu ndogo ilikwama kabla ya kufika kwake, na bodaboda zilikuwa zimelikataa tope. Akapewa siku nyingine. Muuguzi alituambia wazi kwamba akikosa tena atarudi mwisho wa orodha, na jicho la kushoto huenda lisingoje.

Nikaipeleka pikapu Malaba, kwa fundi anayetengeneza malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Fundi wa malori huiona kila gari kama lori lililochelewa kukua.

"Mwalimu," akaniuliza, "unataka ipite kwa maji ama ipite juu ya maji?"

"Ipite kwa tope tu."

"Tope ya wapi?"

"Ya kwa wakwe."

Aliweka spana chini. "Hapo lazima iende juu. Kwa wakwe mtu hasukumwi."

Kwa hiyo ikaenda juu. Aliongeza chuma kimoja kwenye springi za nyuma, akakaza zile za mbele, akafunga tairi kubwa zenye meno. Nilipoijaribu ikiwa tupu iliruka kama mbuzi, na kila niliyemuuliza alinipa jibu lake. Fundi alisema nitazoea. Dereva mmoja wa lori alisema springi zimezidi. Mwingine alisema mimi ndiye mwepesi. Nilirudi Busia nikiwa sijui nani wa kumwamini.

Siku ilipofika, mke wangu alitangulia hospitalini kushika nafasi, kwa kuwa jina likiitwa mara mbili bila mtu kuitika, linarukwa. Mimi nikashuka Budalang'i peke yangu. Tope lilikuwa baya kuliko mara ya kwanza, na pikapu ikalipita bila kusita. Nilifika nikiwa nimejaa furaha, nikageuza gari pale uani, nikafungua mlango wa abiria. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Kiti kilikuwa kinanifika kifuani.

Jirani yake, mama mmoja mwembamba anayeuza mchele, alizunguka gari mara moja. "Boss, hii ni gari ama ni ghorofa?"

Mama mkwe alikuwa amesimama karibu na mlango wa nyumba, amevaa nguo ya kanisani, akisikiliza. Msomaji wa mbali pengine atauliza kwa nini sikumbeba tu. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hakai naye kiti kimoja, hamkodolei macho. Siku hizi wako wanaoyalegeza haya, lakini yeye hayalegezi, na kwa miaka yote hiyo nimemsalimia nikiwa hatua kadhaa mbali naye. Kanuni ya kiti naijua, ya chakula naijua, hata ya mlango. Ya pikapu hakuna aliyewahi kunifundisha. Fundi aliniuliza kuhusu tope, nami nikamjibu kuhusu tope. Hakuna kati yetu aliyeuliza nani atapanda.

Nilitazama saa. Nilitazama kiti.

"Mwambie mkwe aende aangalie mto," mama mkwe akamwambia jirani.

"Mto uko na nini?" nikauliza.

"Enda tu, boss," jirani akasema.

Nikaenda. Nilisimama nikiyatazama maji yasiyo na habari yoyote, huku nyuma yangu nikisikia vitu vizito vikiburutwa na wanawake wakicheka. Niliporudi, mama mkwe alikuwa ameketi dirishani, mkoba mapajani, na jirani yuko katikati yetu kama ukuta. Magunia sita ya mchele yalikuwa nyuma ya gari. Naamini yalitumika kwanza kama ngazi. Sijaambiwa, na sijauliza.

Gari sasa haikuruka. Springi ngumu zinahitaji mzigo ndipo zilegee, na mchele ulizilegeza kabisa. Nikajiona dereva, hadi sauti ya mama mkwe ikatoka dirishani.

"Mwambie apunguze. Macho yangu ni mabovu, lakini hata mimi naona miti inakimbia."

"Mwambie nakwenda polepole," nikamjibu jirani.

"Mmesikiana," jirani akasema. "Mimi ni wa kuzuia, si wa kutafsiri."

Mama mkwe ndiye aliyekuwa sahihi. Tairi kubwa likizunguka mara moja humeza barabara ndefu kuliko dogo, lakini mshale wa spidi huhesabu mizunguko tu. Mshale ulikuwa unanidanganya. Nikapunguza.

Tulifika jina lake likiitwa mara ya pili. Mke wangu alipiga kelele ndani, "Yupo!" na wauguzi wawili wakaja na stuli kumteremsha.

Kesho yake walipomfungua bandeji, nilisimama nje ya dirisha, mahali nilipodhani ni mbali vya kutosha. Muuguzi aliinua vidole na kumuuliza anaona nini.

"Vidole vitatu," akasema. "Na mkwe wangu, hapo dirishani, ananitazama."

Sikujua kama ananisalimia au ananifukuza. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikasubiri aseme tena.